Moshi wa Saa Kumi na Moja

Maji yalikuwa ya kumwogesha mtoto. Nilikuwa nimeshayapasha moto, na badala ya kuingia nayo ndani nikavuka njia na beseni langu, nikayamwaga yote juu ya taka za loji ya jirani zilizokuwa zinawaka. Jivu liliruka. Mlinzi wa loji aliruka zaidi.

“Ya mama! Umeamka vibaya? Moto ya watu unamwagia maji?”

“Washa tena nikumwagie wewe.”

“Mimi iko na amri. Saa kumi na moja, kabla ya upepo. Si mkutano ilisema? Na wewe ulikuwa!”

Nilikuwa. Hapo alinimaliza.

Kiangazi kilichopita mtu mmoja hapa mtaani kwetu Gurei alichoma taka mchana, upepo wa kaskazini ukabeba cheche mpaka kwenye paa la nyasi la jirani. Tukaitana, tukakubaliana kwamba taka zichomwe alfajiri tu, hewa ikiwa imetulia. Mimi niliinua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kusema.

Hakuna aliyeuliza, hewa ikitulia moshi unaenda wapi? Sasa naweza kuwaambia. Hauendi. Alfajiri za kiangazi zina baridi, na moshi unakataa kupanda. Unalala chini, unatambaa, unafuata khor, ule mkondo ambao wakati wa mvua unatutisha kwa mafuriko na kiangazi unakauka kabisa. Nyumba yangu iko ukingoni pale, chini kuliko zote. Nyuma yetu, magharibi, jebel, mlima wetu wa mawe, imesimama kama ukuta. Mpaka jua likolee, saa tatu hivi, ndipo upepo unakuja kuuondoa, na wenyewe unatuletea vumbi.

Mvua zikiwepo, binti yangu anakimbia nje hadi namchoka. Zikikatika tu, kifua kinaanza kupiga filimbi. Ana miaka mitatu. Asubuhi ile nilimkuta ameketi kitandani, mabega yamepanda, mdomo wazi, na hakuwa analia. Kulia kunataka pumzi.

Na msiniambie nifunge dirisha. Nilifunga. Nilitundika leso mbichi mlangoni. Nilimhamishia kwa dada yangu, mtaa wa Thongpiny, wiki nzima, huko nako jenereta za maofisi zikawa zinatukohoza mchana kutwa, nikarudi naye.

Baada ya inhela kumtuliza nilimwacha kwa mama mkwe, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Alikuwa anakunywa chai.

“Dada, si uliinua mkono wewe mwenyewe?”

“Nimeuteremsha.”

Akacheka mpaka chai ikamwagika. “Mkono hauteremshwi hivyo. Andika.”

Alidhani sitaandika. Hapa Juba ukimwambia mtu aandike, umemfukuza kwa adabu. Lakini mimi sekondari nilimalizia Kitale, na barua tulifundishwa kwa fimbo. Niliandika kwa Kiingereza, nikasimama mbele yake mpaka akagonga muhuri. Kwa Kiswahili inasema hivi:

“Kwa Mwenyekiti.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAA YA KUCHOMA TAKA

Mimi ni mkazi wa nyumba ya mwisho kabla ya khor. Nilihudhuria mkutano uliopanga saa ya kuchoma, na nilikubali. Tulikosea. Tuliogopa moto, tukasahau moshi. Kila alfajiri moshi wa mtaa mzima unashuka kwangu, na mtoto wangu anashindwa kupumua. Aliyezima moto wa loji ni mimi, sikutumwa na mtu.

Naomba taka zisichomwe tena mpaka mvua zirudi. Zifukiwe. Ardhi ni ngumu, najua, nitakuja kuchimba na wengine.

Naomba mkutano uitishwe wiki hii, ufanyike kwangu, saa kumi na moja alfajiri. Kila aliyeinua mkono aje.”