Likizo ya Krismasi kwa Maharage

Mpaka leo nikikumbuka yale maharage napandwa na hasira. Meneja wa loji nilikokuwa napika hapa Karatu alitangaza kwamba jikoni atapewa likizo mtu mmoja tu Krismasi, tuchaguane wenyewe. Tulikuwa wanne. Tukachaguana kwa poka, mchezo wa karata tuliofundishwa na madereva wa watalii. Kila mtu alipewa maharage thelathini. Atakayeyakusanya yote ndiye anakwenda kwao. Mimi nilikuwa na mama yangu kijijini Endabash, na Krismasi mbili zilizopita alikula peke yake.

Tulicheza mchana, wageni wakiwa wamekwenda kreta kuona wanyama. Kila mzunguko ulikula maharage yako mawili, upende usipende. Nilipobakiwa na ishirini nikapata saba mbili, jozi nzuri. Mkono ukaenda wenyewe kusukuma yote katikati ya meza. Dereva mmoja asiyekuwa na safari siku hiyo, aliyesimama nyuma yangu akijifanya mwalimu, akaninong'oneza, "Dada, tulia. Subiri karata ya maana."

Nikatulia, na ndicho kinachoniuma. Mawili mawili yakaenda, nikisubiri kama mjinga, mpaka nikabaki na manane. Hapo nikapata mfalme na tisa, nikasukuma yote. Mpishi mwenzangu, mwenye lundo mbele yake, hakujisumbua hata kufikiri.

"Manane tu? Twende."

Alikuwa na nne na sita, takataka tupu. Sita nyingine ikafunuliwa mezani, akapata jozi, nikatoka mchezoni. Saa kumi alikuwa ameshawatoa na wale wengine. Ningesukuma ishirini angesita, pengine angetupa karata zake. Manane hayamtishi mtu.

"Pole dada, hukuwa na bahati," dereva akasema. Nikamwambia bahati haihusiki, kilichonitoa ni mdomo wake.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwa meneja. Loji ilikuwa imejaa, na mikate yote ya lanchi boksi za wageni nilikuwa naioka mimi. Nikingoja Aprili, mvua inanyesha na vyumba vitupu, nani atanibembeleza?

"Bosi, nakwenda Krismasi kwa mama. Narudi kesho yake. Ukinikatalia, sirudi kabisa."

Akatazama orodha ya wageni, kisha akavuta droo na kutoa fomu mbili za ruhusa. Zote zilikuwa na sahihi yake tayari, bado majina tu.

"Nafasi zilikuwa mbili tangu mwanzo," akasema, "ila hakuna aliyekuja kuuliza."

Nikajaza yangu. Sikumshukuru.