Siku tantine wangu alipokataa kuonja bia yake mwenyewe mbele ya watu

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani. Muda mrefu nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, naweka simu chini. Sijawahi kuandika hata "asante".

Leo najitoa. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyafanya mwenyewe, kwa hiyo sina haja ya kuongeza chumvi.

Niko Lubumbashi, nasoma sekondari, bado mwaka mmoja nimalize. Kiswahili chetu kina mu na ba, kina "njo" badala ya "ndio", na Kifaransa ndani yake. Nitajitahidi kuandika kile cha shule, lakini watu wakianza kuongea nitawaacha waongee kama kwetu.

Naishi kwa tantine Odile, mdogo wake mama. Tantine ndivyo tunavyomwita mama mdogo. Alikuwa mwalimu wa kemia, akaacha, sasa anapika bia pamoja na mume wake, tonton Crispin.

Mtu akisikia "kiwanda cha bia" anafikiria mitambo na malori. Chetu ni mapipa, jiko la makaa na kichuguu.

Ndiyo, kichuguu. Waliofika Katanga wanavijua vichuguu vyetu, vingine vinapita paa la nyumba. Kwenye parcelle yetu, yaani kiwanja cha nyumba, kiko kimoja, na tonton alichimba ndani yake shimo ambalo mtu anaingia akiinama. Hata mwezi wa kumi, jua linapowaka mpaka kuku wanakaa chini ya mkokoteni, mule ndani ni baridi. Ndimo chupa zinalala. Umeme ukikatika sisi hatuna habari.

Kwa hiyo bia yetu inaitwa Kichuguu. Picha iliyo kwenye chupa nilichora mimi.

Niseme mapema kabla hamjaniuliza umri: mimi sinywi bia. Kazi yangu ni kuosha chupa, kubandika etiketi, na munkoyo. Munkoyo ni uji wa mahindi unaotiwa mizizi iliyopondwa. Unalala, kesho yake unachujwa, na ukinywewa siku hiyo ni mtamu na haulevyi. Tunaubeba kila tunapoitwa, kwa ajili ya watoto na watu wa kanisa. Huo naupika mwenyewe, tantine haugusi.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Mwezi wa sita tuliitwa kwenye festival ya bia za kienyeji, kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Kamalondo wenye uwanja mkubwa. Kwetu ilikuwa mara ya kwanza. Tulizoea ndoa za majirani na ubatizo, basi.

Mwenye ukumbi alimwambia tonton wazi kwamba bia ambayo watu wataipenda siku ile ndiyo ataichukua kwa ndoa zote za kiangazi. Na kiangazi huku ndoa hazina mwisho, kila Jumamosi barabara imejaa honi.

Tantine alisema tukikosa hiyo nafasi, ataenda kuomba darasa tena. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, anakata vitunguu. Lakini kisu kilisimama kidogo.

Kuna jambo lingine. Tantine alikuwa na mimba.

Waliojua ni tonton na mimi. Mimi niliambiwa kwa sababu ya kreti. Asubuhi moja aliniita nyuma ya kichuguu akasema, "Usinione muvivu. Kuanzia leo kreti zote ni zako." Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikaelewa.

Mara mbili kabla ya hapo alibeba mimba, akafurahi, akatangaza, ukoo mzima ukaanza kushona nguo ndogo. Kisha ikatoka. Mara ya pili walikuja kumlilia nyumbani mpaka yeye ndiye akawa anawabembeleza wanyamaze. Safari hii alisema hakuna kutangaza. Tumbo litajisemea lenyewe.

Bia akaacha kabisa, hata ya kuonja. Na kuonja, wakuu, ni nusu ya kazi. Akamwachia tonton.

Shida ya tonton, kwake kila kitu ni kizuri. Anaonja pipa la kwanza: "Iko bien." Anaonja la pili: "Ile nayo iko bien."

Tantine ananusa, anamgeukia. "Crispin, weye ulipenda hata ile yenye ilikuwa siki."

"Njo vile. Ilikuwa siki ya muzuri."

Basi tantine akawa anapika kwa pua. Na niwaambie ukweli, bia ya miezi ile haikuharibika hata mara moja.

Siku ya festival tulifika mapema, baridi ya kiangazi cha huku inauma, kila mtu amevaa sweta. Banda letu lilikuwa limebanana na la Mama Nkulu.

Huyu Mama Nkulu ni mjane, mkubwa wa umri na wa mwili, mzaliwa wa Kilwa, ile ya kwetu Katanga kando ya ziwa, si ile ya pwani. Anapika bia ya mahindi na mtama kwenye ndoo na kuipima kwa kikombe cha plastiki. Hana chupa wala etiketi. Kamalondo yote inamjua.

Alianza nasi tangu tunapanga chupa.

"Bakwetu, muone. Bia inavaa nguo. Inaenda misa?"

"Mama, ni usafi," tonton akajibu.

"Usafi? Yangu iko mutupu na bantu banaikunywa."

Watu wa mabanda ya karibu wakacheka. Tonton naye akacheka, yeye hana kinyongo. Tantine alitabasamu, akakaa. Kreti nilishusha zote peke yangu, na Mama Nkulu akaliona hilo pia. "Mukubwa anakaa, mutoto anabeba. Njo elimu hii."

Nilitamani kuingia ndani ya kreti.

Ila alikuwa msimuliaji, siwezi kumnyima. Alikuwa anawaeleza wateja wake kwamba kwao mgeni hapewi kikombe kabla mpishi mwenyewe hajanywa mbele yake. Ni kuonyesha kwamba ndani hakuna ubaya. Hata sisi nyumbani tunafanya hivyo, sema siku hizi vijana wa mjini hawajali.

Akasema mama yake aliwahi kupika bia ya harusi ya watu, kisha akafiwa na mume. Akiwa kwenye kilio hakuruhusiwa kugusa bia. Ikabidi mpishi wa jirani, ambaye walikuwa hawasalimiani, aje anywe kwa niaba yake.

"Halafu bakapatana?" mteja mmoja akauliza.

"Bapatane namna gani? Alikunywa, akarudi kwake. Kesho, hakuna salamu."

Nilikuwa nafuta chupa. Nilisikia, nikaendelea kufuta.

Uwanja ulipojaa, animateur, yaani mshereheshaji, akashika mikro. Alikuwa kijana wa miwani ya jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa dogo. Akatangaza kwamba leo tunafungua kwa desturi ya wazee: kila mpishi atakuja mbele na kunywa kikombe cha kwanza cha bia yake, watu wote waone. Ndipo kuuza kuanze.

Hatukuwa tumeambiwa.

Nilimgeukia tantine. Alikuwa anafunga vifungo vya sweta yake, ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Wakaitwa mmoja mmoja. Mama Nkulu alikunywa chake bila kupumua, akageuza kikombe chini, watu wakapiga kelele. Kisha: "Kichuguu."

Tonton akaenda na chupa na glasi.

"Papa, njo weye mupishi?"

Tonton hajui kudanganya. Alifikiri kidogo, akasema, "Miye nasaidia."

"Basi mupishi iko wapi?"

Macho yote yakaja kwetu. Tantine akasimama pale pale bandani. "Leo siwezi kunywa," akasema.

Animateur alidhani amepata mchezo. "Mupishi anaogopa bia yake. Bantu ba Kamalondo, tufanye nini?"

Watu wakacheka. Halafu mtu mmoja wa nyuma akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Anajua kile aliweka."

Hapo kicheko kikabadilika. Nilimwona mwenye ukumbi pembeni ya jukwaa, amekunja mikono, haangalii tena upande wetu.

Najua mtaniuliza kwa nini hakugusisha midomo tu. Nami nilimuuliza baadaye. Akasema alikuwa amemwahidi Mungu, na Mungu si wa kudanganya kwa midomo.

Angeweza pia kusema ukweli, yakaisha. Mbele ya uwanja mzima, kwa mikro, jambo ambalo hata mama yangu alikuwa halijui. Niliona anafungua mdomo. Nilidhani anataka kulisema.

Darasani mimi ni yule ambaye mwalimu anasahau jina lake. Lakini nilishika jagi la munkoyo na kikombe, nikaenda mbele. Sikumbuki nilipitaje kati ya watu.

"Miye pia ni mupishi," nikasema.

Animateur akashusha mikro mpaka mdomoni kwangu. "Unapika nini, mutoto?"

"Munkoyo."

Nikamimina, nikanywa chote. Mwingine ukateremka kidevuni mpaka kwenye sweta. Watu wakacheka, safari hii kicheko kizuri, mama mmoja akapiga makofi.

"Bon, munkoyo tumeona," animateur akasema. "Na bia?"

Sikuwa nimepanga lolote baada ya munkoyo. Ndipo hadithi ya Kilwa ikanirudia.

Nilichukua glasi mkononi mwa tonton, imejaa Kichuguu. Sikumpa animateur. Nilitembea mpaka banda la Mama Nkulu, nikapiga magoti, nikaishika kwa mikono miwili.

"Mama, muonjee tantine wangu."

"Unasema nini?"

"Muonjee. Kama ile ya Kilwa."

Hakupokea.

Aliangalia juu ya kichwa changu, kule alikosimama tantine. Akamtazama polepole toka usoni mpaka mkono, na mkono ulikuwa umelala mbele ya sweta, chini kidogo ya vifungo. Kisha akaziangalia kreti nilizobeba asubuhi, zile alizonitania nazo. Huyu ni mama aliyezaa watoto wengi.

"Simama," akaniambia. "Unachafua pagne." Kweli, kitenge changu kilikuwa vumbini.

Akachukua glasi. Akaenda mbele, akamnyang'anya animateur mikro bila kuomba.

"Kwetu, mupishi akikuwa na sababu yake, mupishi mwenzake anakunywa kwa ajili yake. Na sababu haiulizwi."

Akanywa. Yote. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akafikiri, na alichukua muda wake kufikiri.

"Nguo iko mingi," akasema. "Lakini ndani muko bia."

Wakuu, watu walicheka mpaka animateur akavua miwani.

Baada ya hapo sikupata hata nafasi ya kufuta kidevu. Foleni ilijaa mbele yetu, kila mtu anataka ile "bia ya nguo". Munkoyo ndio uliotangulia kwisha.

Mama Nkulu aliporudi bandani kwake alipita karibu na tantine. Hakusimama. Alisema chini chini tu, "Kaa chini. Na usinuse moshi ya ile jiko." Kisha akanigeukia mimi kwa sauti yake ya siku zote: "Na weye, leta ingine. Ile moja ilikuwa ya kazi."

Mwenye ukumbi alikuja jioni akaichukua Kichuguu kwa ndoa zake. Alichukua na ndoo za Mama Nkulu, kwa meza za wazee. Sidhani kama alikuwa amepanga hivyo, ila Mama Nkulu alikuwa amemshika mkono na hakuuachia mpaka wakaelewana.

Tantine hakurudi kuomba darasa.

Na tumbo lilijisemea lenyewe, kama alivyotaka. Mtoto alizaliwa wakati wa mvua, msichana, analia kama jenereta. Tulipomfanyia sherehe, Mama Nkulu alifika na kikombe chake cha plastiki ndani ya mkoba. Tonton akasema mtoto tumpe jina la Mama Nkulu. Akakataa palepale. "Jina yangu iko nzito, mutamuvunja shingo."

Chupa ya kwanza ilipofunguliwa, wageni wakamgeukia tantine. Yeye alikuwa amempakata mtoto, ananyonyesha.

"Sababu ingali?" Mama Nkulu akauliza.

Tantine akamwinua mtoto kidogo, watu wamwone. "Ingali, mama."

Basi akanywa yeye. Ndivyo ilivyo mpaka leo, kila ndoa na kila ubatizo, yeye ndiye anayetuonjea. Tonton alistaafishwa kuonja na hakulalamika, alisema hata kustaafu iko bien.

Na kutania hajaacha. Juzi amesema nilichora kichuguu kinachofanana na kofia ya askofu.

Nilichojifunza mimi, mtu wa aibu: nilidhani kumsaidia mtu lazima uwe na maneno mengi ya kuueleza umati. Maneno yangu ya siku ile yanaenea kwenye kiganja. Kumbe alikuwepo mtu wa kuelewa bila kuelezwa, ila ilibidi mmoja amfuate. Na alikuwa yule yule aliyekuwa anatucheka.

Niwaulize na nyinyi. Kwenu ni nani anayekunywa kwanza, mpishi au mgeni? Na mpishi akiwa na sababu yake, mnafanyaje?

Andikeni hapa chini, nitasoma zote. Kujibu kila mmoja siahidi, mnajua nilivyo. Ila hata kuandika uzi huu sikuwa nimeahidi.