Majina Ambayo Gazeti Halikuyaandika

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, tulipoitwa kwenye baraza ya kanisa hapa Haneti tukasikilize gazeti. Enzi hizo za Mjerumani gazeti lilikuja moja kwa watu wote, tena limechoka kwa safari ya kutoka pwani, na Mwalimu Danieli wa misheni ndiye aliyetusomea. Mimi nilikuwa mke kijana. Mume wangu, Chedego, alikuwa amekwenda na wenzake kujenga reli kupita Dodoma, upande wa Saranda.

Mwalimu alisoma bei ya karanga, akasoma safari ya bwana mkubwa fulani, nasi tukasinzia. Kisha akasoma kwamba huko kwenye reli udongo umeporomoka na kuwafukia vibarua, baadhi yao Wagogo. Akalikunja gazeti. Tulipomuuliza majina, akasema hayakuandikwa.

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza. Jua halijazama, kijiji kizima kilikuwa na majina. Mmoja alisema Chedego kafa palepale, mwingine akasema kavunjika mgongo akafa baadaye, na yupo aliyetueleza hata sanda yake, ingawa mtu huyo hajawahi kutoka Haneti. Mama mkwe wangu akaleta wembe ninyolewe nywele, nikae msibani. Shemeji yangu naye akaanza kunitazama kama anayekagua ng'ombe wake, maana kwa desturi yeye ndiye angenirithi. Niliona hasira kabla ya kuona huzuni, sikufichi.

Mwalimu alikuja nyumbani akaomba wembe urudishwe. Wakwe zangu na majirani wakamzunguka wakimtaka aseme ndiyo au hapana, basi. Wengine walimwita mnafiki, eti anajua ila anaficha. Kuitikia kungemgharimu nini? Badala yake alifunga chakula kidogo, akaondoka kwa miguu kwenda kuuliza mwenyewe.

Nachoka hata kuzisimulia siku za kumngoja. Nilipika nikamwekea Chedego sehemu yake, kisha nikajiona mjinga nikawapa watoto wa jirani. Sikuwa mke, sikuwa mjane. Kila aliyepita alikuwa na lake la kuniambia, na yote yalinikalia kichwani.

Mwalimu aliporudi, vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Hakwenda kwa wazee kwanza. Aliketi chini karibu nami, wakwe zangu wakisikia, akasema, "Dada yangu, Chedego amefariki. Nimezungumza na aliyemfukua na aliyemzika. Kaburi nimeliona."

Baba mkwe akatikisa kichwa. "Si tulikwambia tangu mwanzo, Mwalimu? Umejichosha bure."

"Mlisema, mzee wangu," Mwalimu alimjibu kwa upole. "Hamkujua."

Nilimuuliza kaburi liko wapi. Akanieleza: kando ya njia ya reli, upande wa kusini, wenzake wamelipangia mawe. Ndipo nilipolia, na kilio changu kikawa na mahali pa kwenda. Wembe niliuomba mwenyewe.

Sasa wewe unakwenda kufanya kazi redioni. Juzi ulinifundisha maneno yenu: mhariri ndiye anayeipitia habari kabla haijatoka, chanzo ndiye aliyekupa hiyo habari, na tetesi ni ile isiyo na mwenyewe. Nilicheka moyoni, maana hayo yote niliyaona kwenye miguu ya Mwalimu, ila hatukujua kama yana majina. Siku hizi habari inafika huku kabla uji haujapoa, na hilo ni jema. Lakini anayesikiliza ni yuleyule, mwanamke aliyesimama jikoni akingoja kusikia kama mumewe yu hai.

Nakusihi, mwanangu, usitaje marehemu kwa sababu watu wanakudai jina. Mtafute aliyeona. Ukikosa, sema hujui, hata wakikutukana. Na ukibahatisha ukapatia, usijisifu, kwa kuwa bado ulisema usichokijua, na kuna mtu ulimzikia mpendwa wake kabla hajawa tayari.

Mimi miguu yangu imekwisha. Mungu akupe wewe miguu ya kwenda kuuliza, na akupe moyo wa kurudi kuketi chini karibu na yule unayempelekea jibu.