Sweta Mbili za Mama Mkwe

Mume wangu husema nina ugonjwa wa mageti. Tukienda kanisani, nauliza mlango wa nyuma unafungwa na nani. Tukialikwa harusini, kabla sijaonja chakula nimeshauzunguka ua mzima. Hapa kwetu mtaa wa Majimbo mlinzi wa ploti amenizoea. Akiniona nashuka ngazi anajua nakuja kutikisa kufuli aliyokwisha kuifunga. Sijitetei. Nitaeleza tu ulikoanzia.

Kifungua mimba wangu nilimzalia hapa Embu mjini, katika hospitali ya kibinafsi niliyoichagua kwa sababu moja tu, nayo ni ulinzi. Nilikuwa nimesikia habari nyingi za watoto kuibwa wodini, nyingine za kweli, nyingine za kunogesha mazungumzo, na zote niliziamini. Mimi ni mtoto wa muuza ndizi wa soko la Gakoromone, kule Meru. Nimelelewa na mama aliyejua kwamba ukiinama kutafuta chenji, chane moja imekwenda.

Kwa hiyo hospitali ile niliikagua mapema, tumbo likiwa bado la miezi sita. Getini palikuwa na mlinzi aliyepekua mikoba ya wanaoingia na, kwa bidii zaidi, ya wanaotoka. Mapokezi walitoa kadi ya mgeni ya kuvaa shingoni. Mlango wa wodi ya wazazi ulikuwa wa chuma, na mlinzi wake alikuwa mwanamke mwenye uso mkavu, asiyejua kutabasamu. Mtoto akizaliwa alifungwa mguuni bangili ya plastiki yenye namba sawa na ya mama yake. Kamera zilikuwa kila kona. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba pale hata nzi haingii bila ruhusa.

Nilijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume. Kwa desturi ya kwao mvulana wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, na tangu siku hiyo mama mkwe wangu hakumwita mtoto kwa jina lingine ila “mume wangu”.

Siku ya pili mchana, saa ya kuona wagonjwa, alishuka kutoka Kibugu na kiondo chenye chupa ya uji na bakuli la njahi, yale maharagwe meusi wanayolishwa wazazi. Kule juu karibu na msitu, kwenye majani chai, baridi haina likizo, na mama huyu huvaa sweta mbili mwaka mzima, hata akija kwenye joto letu la mjini. Mimi ni Mmeru, yeye ni Mwembu. Lugha zetu zinasikilizana, lakini tukitaka kuheshimiana tunatumia Kiswahili.

“Kunywa yote, mwari,” aliniambia. Huniita hivyo, binti. “Kunywa ndio maziwa ikuje.”

“Asante, Mama. Baba hakuja?”

“Amekuja. Ako huko nje kwa pikapu ya jirani. Miguu imekataa ngazi, na lifti wanasema ni ya wagonjwa peke yao.”

“Basi atamwona mtoto tukitoka.”

Yeye alikuwa anatazama kile kitanda kidogo kilicho kando yangu. Nikanywa uji, dawa za maumivu zikanilemea, nikasinzia.

Nilipoamka kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Blanketi ya hospitali, ile ya bluu, ilikuwa imekunjwa vizuri mara nne na kuwekwa katikati.

Watu hudhani mama hupiga mayowe. Mimi niliichukua ile blanketi nikaikung'uta, nikangoja mtoto aanguke kutoka ndani. Kisha nikamwita nesi. Akasema labda amepelekwa kupimwa. Nikamuuliza na nani. Akatazama daftari lake, akalitazama tena.

“Hapa hakuna mtoto ametoka,” akasema yule mlinzi wa uso mkavu. “Mimi sijaondoka kwa hiki kiti.”

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonitia wazimu, maana kama hakutoka, basi yuko wapi? Nilishuka ngazi miguu mitupu, mkono mmoja kwenye mshono, mwingine ukutani, nesi akinifuata ananisihi nirudi. Sikuwa na machozi. Nilikuwa na hasira na kila mlango niliopita.

Getini mlinzi alinizuia.

“Madamu, mgonjwa haruhusiwi kutoka bila karatasi ya daktari.”

“Umeona mtu akitoka na mtoto?”

“Hapana. Ni cucu mmoja tu, nyanya mzee, ametoka, na nimemsachi mpaka chini ya kiondo. Tunaibiwa sana blanketi. Hakuwa na kitu.”

Nyuma ya bega lake, ng'ambo ya barabara, niliona pikapu mlango wake ukiwa wazi. Baba mkwe alikuwa ameketi pembeni mwa kiti, miguu yake mibovu ikining'inia nje, na mwanangu yuko mapajani pake amefungwa leso. Mzee alikuwa anamtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wanavyobariki, huku akinong'ona. Mama mkwe alisimama mbele yake kumkinga mtoto na upepo. Sweta yake ya nje ilikuwa imefunguliwa vifungo vyote. Mtoto alikuwa amepita mlango wa chuma, mapokezi na geti katikati ya sweta mbili, amelala.

Nilimsukuma yule mlinzi. Nilimnyakua mtoto, nikasoma namba ya bangili mara tatu, halafu nikamgeukia mama mkwe nikamwita mwizi. Nililitamka neno hilo kwa sauti, mbele ya mumewe na mbele ya jirani mwenye gari.

“Hakuna mtu aliniuliza,” alisema taratibu. “Na blanketi yao nimeacha.”

Kurudi ndani kulikuwa na shida yake. Mlinzi alinionyesha tangazo ukutani, kwamba watoto wa chini ya miaka kumi na miwili hawaruhusiwi wodini. Tulisimama pale juani mpaka nesi akamsomea bangili zetu mbili. Leo naweza kucheka nikilikumbuka hilo tangazo. Siku hiyo nilitetemeka hadi nikawekewa dripu.

Mzee hakuishi hadi mtoto akatambaa. Mara ile ya pikapu ndiyo ya pekee aliyompakata akiwa na nguvu za kusema baraka zote. Nilijua hivyo mazishini, nikataka kumwomba mama mkwe msamaha, nikashindwa. Yeye naye hakuwahi kulitaja lile neno. Aliendelea kuniletea uji.

Mtoto alipoanza shule nilijaza fomu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua. Ilikuwa na mistari mitano. Nikaandika jina langu na la mume wangu, kisha nikapiga mistari mitatu iliyobaki alama ya mkasi kwa kalamu, asije mtu akajiongeza.

Mwezi uliopita nilicheleweshwa na mkutano kazini, na mume wangu alikuwa safarini Meru. Mama mkwe alikuwa ameshuka mjini kwa daktari wa macho, basi mume wangu akampigia simu amchukue mtoto. Nilipofika shuleni nikitweta, nilimkuta ameketi kwenye jiwe nje ya geti, sweta mbili juani, saa mbili nzima. Mtoto alikuwa upande wa ndani, anakula nduma aliyopitishiwa kwenye matundu ya wavu.

“Huyu hayuko kwa fomu, madamu,” mlinzi aliniambia kwa fahari. “Nimekataa kabisa.”

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimtafuta mlinzi wa namna hii. Nilimshukuru, na aibu ikanipanda hadi masikioni.

Mama mkwe aliinuka, akajikung'uta vumbi. “Leo wameniuliza,” akasema. “Nikawaambia mimi ni nani. Wakaangalia karatasi yako.”

Nikaomba ile fomu. Mistari yote ilikuwa imejaa au imeharibiwa na kalamu yangu mwenyewe, kwa hiyo nikaanza kuliandika jina lake pembeni, juu ya langu. Mlinzi akasema hairuhusiwi kuandika nje ya mistari. Nikaandika tu. Mama mkwe na mtoto, aliyekwisha kuachiwa atoke, walikuwa nyuma yangu, wameshikana mikono. Kabla sijamaliza jina niligeuka haraka kuona kama bado wapo.

Walikuwepo. Naye aliniona nikigeuka.