Mama Aliiosha Sarafu ya Baba

Leo nimeitwa tapeli na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Makambako.

Niliuza mtandaoni sarafu ya marehemu baba, ya enzi za Mjerumani. Kwenye picha ilikuwa nyeusi tii. Mnunuzi wa Dar akaitaka hivyo hivyo.

Asubuhi imerudi na basi.

Nikampigia. "Kaka, kulikoni?"

"Umenitumia feki! Hii inang'aa kama kijiko cha harusini. Nirudishie hela."

Nikaapa ni ile ile. Niliapa mpaka wapagazi wa stendi wakaniamini. Yeye, wapi!

Nyumbani nikamuuliza mama. Akatabasamu.

"Niliisugua kwa majivu kabla sijakufungia kifurushi, mwanangu. Kitu cha baba yako kiende kwa watu kichafu?"

Jamani, wanaokusanya sarafu za kale hulipia ule weusi.

Na ule weusi ulikuwa jasho la baba. Alitembea nayo mfukoni maisha yake yote.

"Ameipenda?" mama akauliza.

Nyie mngemjibuje?

Mimi nimesema, "Ameipenda sana, mama."

Hela nimerudisha. Sarafu iko mfukoni mwangu, na mkono wangu umo humo humo tangu mchana.