Nimejaza upepo nguo ya kuzamia katikati ya duka la watu

Leo nimekaa chini kwenye duka moja hapa Guangzhou nikakataa kuondoka.

Kaka yangu ni mzamiaji huko Norwe, kwenye maji ya barafu. Nguo isiyopitisha maji nilimnunulia dukani humo. Juzi nikaivaa bafuni kuijaribu, mkono ukatoka umelowa.

Leo nikairudisha. Muuzaji akacheka.

"Mei you," akasema, yaani hakuna tundu. "Hilo ni jasho lako."

Jasho. Mimi niliyezaliwa kwenye joto la Unguja, jasho nisilijue?

Nikafunga zipu, nikaziba mikono kwa chupa na shingo kwa kopo, nikaijaza upepo kupitia vali yake ya kifuani kwa pampu ya baiskeli niliyokuja nayo. Kisha nikaipaka maji ya sabuni, mshono kwa mshono. Wateja wakajaa mlangoni.

Kwapani povu likaanza kutoka.

Kicheko kikaisha. Muuzaji akasema atanipa nyingine.

"Lete, nayo tuijaze upepo."

Badala ya kuleta nyingine, akaenda kuleta gundi na kiraka. Nilikaa pale mpaka alasiri nikingoja gundi ikauke, nikaijaza tena. Haikutoa hata povu moja.

Mtaniita msumbufu. Niiteni. Kaka yangu ninaye mmoja tu.

Nyie mngeondoka?