Reli ya Korona

Mashine yangu ya unga niliihamishia korona, kiwanda cha zamani cha mkonge hapa Kilosa, baada ya mmiliki mpya kukikarabati na kukigawa vyumba vya kupangisha. Niseme haki: pananifaa. Umeme mkubwa upo, sakafu haitikisiki, fundi wa kuchomelea yuko chumba cha pili, na malori ya Mikumi yanapakia unga mlangoni kwangu. Mama ntilie wa kule nilikokuwa mwanzo hawanilalamikii tena vumbi.

Ila mama yangu alikataa kukanyaga pale. Enzi za mkonge, marehemu baba ndiye aliyekuwa akigonga kipande cha reli kinachoning'inia pale mlangoni, ili watu watoe mikono kabla mashine hazijazunguka. Kiwanda kilipofungwa aliendelea kwenda kila asubuhi, anasimama chini ya reli, anarudi nyumbani kunywa uji. Mpaka umauti.

"Pale pameshamla mmoja," mama alisema. "Nenda wewe."

Siku ya kwanza wateja wazee, wanaoikumbuka korona ya zamani, walirudi nyuma, mikono mgongoni.

"Gonga kwanza, mwanangu," bibi mmoja akasema. "Au leo unatusaga sisi?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Nikagonga kwa spana. Ikawa desturi, hata mfugaji mmoja wa Kisanga, mgeni kutoka kanda ya ziwa, akawa anaficha mikono kama wao.

Basi nikawa nikirudi jioni nyumbani, ambako mlio wa reli unafika, nakuta kikombe cha baba mezani, uji umefunikwa, umepoa.

"Nilisikia amegonga," mama alisema, kama anayesema mvua imenyesha.

Nilikosa raha. Labda nilikosea kuhamia pale, labda nakuza mambo. Mimi shule yangu ndogo, siwezi kupima. Nikaamua niache kugonga, mama apumzike.

Kesho yake wateja wakasimama, madebe chini, mikono mgongoni. Nawabembeleza, hawasogei. Mara mama huyo mlangoni, mwiko bado mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona kimya? Uji unapoa."

Akachukua spana, akagonga taratibu, kama anayebisha hodi kwake mwenyewe. Wateja wakasogea. Yeye akabaki akiitazama reli mpaka ilipotulia.

"Haya, washa," akasema. "Akirudi nitamwambia upo kazini."

Nikawasha.